Ngata ya Tabibu Nyamizi

"Mama Niwaeli, huyo binti unayemlea, mbona hana machozi?"

Nahuja aliniuliza hivyo uani kwake, siku tuliyomzika mjukuu wake Sifaeli. Hakupaza sauti. Aliniinamia sikioni kama mtu anayeazima chumvi, halafu akanionyesha kwa kidevu. Nikaangalia. Tabibu Nyamizi alikuwa amekaa kwenye benchi katikati ya wanawake wa kwaya, sahani ya makande mapajani, anakula. Tena alikula kwa raha, kama mtu aliyeshinda shambani akivuna tangawizi. Alipomaliza akamwambia mgawaji, "Dada, kama yamebaki niongeze. Leo yameiva kweli."

Mgawaji alisimama na upawa mkononi, hajui aweke au asiweke. Mtoto tuliyetoka kumfukia alifia mikononi mwa huyo huyo Nyamizi.

Mimi nilijua machozi yake yako wapi. Nilikuwa nayo mimi. Tangu jana yake yalinikaa kifuani kama jiwe la kusagia, hata uji haukupita. Lakini Nahuja sikumwambia. Nilimshika mkono nikasema, "Kila mtu na kilio chake, jirani."

"Cha huyu kiko tumboni," akasema Nahuja, akaenda kuwapokea wageni.

*

Niwaeleze. Huku kwetu milimani Upare, mtu akija na mzigo humwachi afike nao mlangoni. Unamtokea njiani, unamwambia lete nikupokee, unautia kichwani mwako wewe. Hata kama mmegombana unampokea kwanza, ugomvi baadaye. Wenye Mpango wa Upokezi sijui desturi hii waliipatia wapi, ila waliichukua wakaitengenezea mashine. Wao waliiita jina refu la kitaalamu. Sisi tulipoona ni duara mbili laini za kuvaa kichwani, tukaziita ngata, kama ile ya kitambaa tunayowekea ndoo ya maji.

Shida yetu ilikuwa hii. Tunaletewa matabibu wabichi, wametoka chuoni na vyeti vyao, watoto wazuri wenye adabu. Kule chuoni nyuma yao alisimama mwalimu. Huku wanakuta kitanda, kabati la dawa na foleni. Akifa mgonjwa wa kwanza, hakuna mkubwa wa kumwambia hata mimi yalinikuta. Wa kwanza tuliyeletewa aliondoka bila kuaga. Wa pili alikuwa akijifungia stoo huku wagonjwa wanagonga mlango. Wa tatu tulimkuta amekaa katikati ya mto, maji yanampita kiunoni, hataki kutoka. Ikafuata misimu miwili ya mvua mlango umefungwa kwa mnyororo. Tukawa tunazalia njiani na kufia njiani, maana ndege za wagonjwa zile zisizo na rubani haziruki kwenye ukungu, na huku ukungu ndio mwenyeji, sisi wapangaji.

Basi mpango ukaja, na sharti kwamba kila tabibu mpya apate mama wa kukaa naye na kumpokea. Wakauliza kanisani nani yuko tayari. Mimi ni mjane, wanangu wako mbali, chumba kipo. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini kukaa kimya na mtu mwenye shida nakuweza. Nikasimama.

Afisa wa mpango, Bwana Mhagama, kijana mnene mwenye sauti ya upole, alinifundisha hapahapa sebuleni. "Ngata nyeupe anavaa mtuaji, nyeusi anavaa mpokezi. Habari inabaki kwake, uchungu unakuja kwako. Atakumbuka yote, ila kama anavyokumbuka taarifa ya redio."

"Na mimi?"

"Wewe utaona alichokiona na kuumia alivyoumia. Lakini kwa kuwa si chako, hakitakuvunja. Wazee mna migongo, Bibi."

"Mgongo wenyewe unauma tangu masika," nikamwambia, tukacheka.

Jioni ya kifo cha Sifaeli, Nyamizi aliingia jikoni akakaa chini, kwenye majivu. Meno yalikuwa yanagongana. Nilimvika nyeupe, nikavaa nyeusi, nikamshika mikono.

Nikaona. Chumba cha zahanati, asubuhi ya baridi kali. Nahuja amempakata mjukuu, amemvika sweta mbili, shuka juu yake na kofia ya sufu, kama tunavyowafunga wote Julai ikifika. Nyamizi ni mtu wa Tabora, kwao mtoto anacheza kifua wazi. Anapeleka mkono afungue vifungo. Mkono wa Nahuja unakuja juu ya wake, unaishika sweta. "Usimvue, daktari, baridi itamuua." Nyamizi kalelewa, hawezi kushindana na bibi. Anaweka kiganja juu ya sufu, anahesabu pumzi palepale juu ya nguo. Sanduku la ushauri ukutani, mashine inayowasaidia matabibu kupima, linamuuliza kwa sauti yake laini kama kifua cha mtoto kinabonyea chini ya mbavu. Anaitazama sweta. Anajibu hapana. Sanduku linasema ni mafua, apewe dawa ya homa, arudi hali ikibadilika.

Nahuja alimrudisha alfajiri. Midomo ya mtoto ilikuwa rangi ya zambarau. Hapo sina haja ya kueleza zaidi.

Nilipojitambua nilikuwa nimelala sakafuni, nalia kwa sauti isiyo yangu, sauti ya msichana. Nyamizi amesimama juu yangu, uso mkavu, macho kwenye sufuria.

"Pole, Mama," akasema. "Kuna chai?"

Nilishtuka, siwafichi. Ila nikajikaza nikamshukuru Mungu, maana kesho yake mlango wa zahanati ulifunguliwa kama kawaida na foleni ikasogea. Na ule mkono wa Nahuja juu ya sweta nikaufungia ndani yangu. Nilikuwa nao kila nilipokutana naye kisimani. Niliulinda kama mtu anavyolinda kaa la moto lisiangukie nyasi.

*

Baridi iliendelea. Ijumaa moja nilikuwa napika vya Sabato mapema, jua halijazama, Nyamizi akaingia kaishika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Mama." Akashindwa. Akajaribu tena. "Mama, mtoto wa bondeni kafariki. Wamemrudisha amekwisha. Jana nilimwona, Mama, jana tu nilimshika!" Akaanguka magotini. "Sijawahi kupatwa na kitu kama hiki. Sijawahi, tangu nizaliwe."

Mwiko ulinitoka mkononi.

"Hujawahi?"

"Sijawahi!"

Alimaanisha. Nilimtazama machoni, na machoni mlikuwa hamna Sifaeli. Alikuwa analia kilio cha mara ya kwanza, kwa mara ya pili.

Sikujua la kufanya ila lile nililofundishwa. Nilileta ngata. Nikaona chumba kilekile, mama mwingine, kijana, mpole, mtoto wake kafungwa sweta ya kijani. Safari hii hakuna mkono uliomzuia Nyamizi. Yule mama hakusema neno. Alikaa anasubiri aambiwe. Nyamizi mwenyewe akaweka kiganja juu ya sufu, akahesabu, kama mtu aliyejua kwamba huku ndivyo inavyofanywa. Sanduku likauliza. Akajibu hapana.

Niliumia yale maumivu, nikayamaliza. Yalipopungua nilibaki nimekaa kwenye kigoda, jasho linanitoka, na maharage yanaungua. Nyamizi aliinuka akaepua chungu.

"Nyamizi mwanangu, kaa hapa. Unamkumbuka mjukuu wa Nahuja?"

"Sifaeli? Namkumbuka. Nimonia. Ripoti niliandika mwenyewe."

"Na huyu wa leo?"

"Nimonia."

"Yule ulimhesabia pumzi wapi?"

"Juu ya sweta. Bibi yake alikataa avuliwe."

"Na huyu?"

Akafikiri. "Juu ya sweta."

"Chuoni walikufundisha hivyo?"

"Hapana, Mama! Lazima uone ngozi. Kifua kikibonyea chini ya mbavu ni hatari, mtoto halali nyumbani siku hiyo. Hilo swali lilikuja kwenye mtihani, nikalipata." Alisema kwa furaha kidogo.

"Sasa hayo mawili hayafanani?"

Alitulia akanitazama vizuri, kwa heshima, kama mtu aliyeonyeshwa vitenge viwili dukani. "Yanafanana," akasema. "Kweli, yanafanana." Akapuliza moto. "Mama, haya maharage nitoe ya juu, ya chini yameshika?"

Nawaambia, nimefiwa na mume, nimeona maporomoko yakichukua nyumba na watu ndani. Sijashtuka katika maisha yangu kama nilivyoshtuka kwa swali lile la maharage.

*

Bwana Mhagama alikuja kukagua wiki iliyofuata. Nilimwita na mzee wa kanisa, Elinihaki Mshana, kwa kuwa yeye ndiye aliyehangaika miaka yote kututafutia tabibu. Tukakaa sebuleni. Nyamizi alikuwa kazini.

Niliwaeleza. Mhagama alisikiliza huku akitikisa kichwa taratibu.

"Bibi, nakuelewa. Lakini tazama tulikotoka. Zamani matabibu wapya wa vijijini walikuwa wanakimbia kabla mwaka haujaisha. Sasa wanabaki. Katika vituo vyote vyenye ngata hakuna aliyekimbia. Hata mmoja."

"Na watoto?"

"Watoto gani?"

"Wanaokufa. Wamepungua?"

Akavuta pumzi. "Hawajaongezeka."

"Mimi nimekuuliza wamepungua."

"Bibi, tabibu akiwepo kuna chanjo, kuna uzazi, kuna sindano. Wapo wanaopona. Huyu binti ameshazalisha wanawake wenu wangapi salama?"

Hilo lilikuwa kweli.

"Lakini hajifunzi," nikasema. "Akili inajua, ila haishtuki. Mimi ndiye ninayeshtuka. Nikipita karibu na mtoto mwenye sweta natamani kumvua. Mshtuko wake uko kwangu, na mimi si tabibu."

Mhagama aliikuna shingo. Nadhani hakuwa amefikiri hivyo, au alikuwa amefikiri na hakupenda. "Tunaweza kumwongezea swali kwenye sanduku," akasema.

"Swali lipo. Liliuliza mara zote mbili. Akalidanganya bila kujua anadanganya."

Kuku akaingia, Mshana akamfukuza kwa fimbo yake.

"Mama Niwaeli," akasema mzee, "unataka nini hasa?"

"Nataka kumrudishia chake."

"Hapana!" Mhagama alisimama. "Msije mkabadilishana zile ngata hata kwa mchezo. Akivaa nyeusi yeye, na wewe nyeupe, mzigo wote unarudi ulikotoka. Kwa mkupuo, Bibi. Vifo viwili siku moja. Mtu mzima anaweza kuzimia, sembuse yule."

Nadhani alijuta kusema. Mshana alinigeukia.

"Sikiliza, binti yangu." Mimi ni bibi wa wajukuu, lakini kwake yeye ni binti. "Umesahau mnyororo? Mke wa mdogo wangu alifia pale kwenye kona ya mawe, mtoto kaanza kutoka. Hakukuwa na mtu wa kukata hata kitovu. Mimi nachukua tabibu asiyelia kuliko mlango uliofungwa. Ukimvunja huyu, nani atakuja tena huku?"

Mpaka leo sijui kama swali lake lina jibu. Waliondoka pamoja, Mhagama akiwa ameniahidi mpokezi wa pili wa kunisaidia, maana alidhani nimechoka.

*

Nilifunga na kuomba. Sikusikia sauti yoyote, wala sikuitegemea. Niliona tu jambo moja, kwamba ule uchungu haukuwa mali yangu, na nilikuwa naukalia.

Nikamwambia Nyamizi akiwa anaosha vyombo. Nilimweleza yote, mpaka neno la Mhagama kwamba anaweza kuzimia, mpaka mlango na mnyororo.

"Sitakufanyia kwa hila," nikasema. "Ukikataa, tutaendelea kama tulivyo. Ukikubali, itauma."

"Sana?"

"Sana, mwanangu."

Akasuuza kikombe, akakifuta. "Kama itanisaidia kazini, sawa, Mama. Lini? Hata sasa hivi sina shughuli."

Alikubali kama mtu anayekubali kuongezewa chai. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Ridhaa gani ile, ya mtu ambaye woga wake unao wewe? Aliyekuwa akijua uzito wa lile jambo ni mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nauliza. Nilikaa nimeshika zile ngata muda mrefu. Nikasema moyoni, kama ni dhambi, iandikwe kwangu. Nikamvika nyeusi, nikavaa nyeupe.

Hakupiga kelele. Nilitegemea kelele. Alifungua mdomo tu, akabaki hivyo, mikono inatafuta kitu hewani kwa kimo cha kifua cha mtoto. Vidole vilikuwa vinafungua vifungo visivyokuwepo. Alifungua, akafungua, akafungua. Nilipomgusa alinisukuma akajikunja kwenye kona ya kuni, uso ukutani.

Nami nikawa mwepesi. Hilo hawakuniambia. Nilivua nyeupe nikajiona kama mtu aliyetua gunia baada ya mlima, pumzi inaingia mpaka chini. Nilimkumbuka Sifaeli, nikamkumbuka wa sweta ya kijani. Niliwakumbuka kama majina kwenye tangazo la kanisani. Nikasikia njaa.

Nyamizi hakwenda kazini kesho yake, wala kesho kutwa. Alilala kaelekea ukuta. Uji nilimpelekea ukarudi kama ulivyokwenda. Foleni ilikaa mbele ya zahanati mpaka jua likawa kali, ikatawanyika. Mshana alipita mbele ya nyumba yangu, akasimama, akatazama, hakunisalimu. Nikaona begi la Nyamizi limetolewa chini ya kitanda, nguo zimekunjwa ndani. Nilijua nimefunga mlango wa zahanati kwa mkono wangu. Nilijua, basi. Haikunichoma ilivyopaswa kunichoma.

*

Nahuja alikuja asubuhi moja kuazima ungo. Ukungu ulikuwa umefunga hata mgomba wa jirani hauonekani. Kama ningekuwa bado na ule uzito, nisingemwingiza ndani akiwa na Nyamizi chumba cha pili. Ningempokelea nje, ningempa ungo wake, ningesimama kwenye kizingiti na lile kaa langu. Lakini sikuwa nao. Nikamwambia, "Karibu jikoni jirani, moto upo," kwa moyo mkunjufu kabisa.

"Nasikia bibi harusi wako hatoki nje," akasema akikaa. "Amechoka kula?"

"Anaumwa."

"Aende zahanati." Akacheka peke yake, kicheko kikavu.

Hatujamaliza mlango ukagongwa. Alikuwa mke wa Kallaghe, wa kitongoji cha juu, kabeba mtoto mgongoni. Zahanati ameikuta imefungwa, akaambiwa daktari yuko kwangu. Mtoto anakohoa tangu juzi, hanyonyi. Akamshusha. Sweta ya zambarau, juu yake koti, juu yake kanga mbili.

Mlango wa chumba ukafunguka. Nyamizi alitoka pekupeku, nywele zimesimama, macho yamevimba kama ya mtu aliyeumwa na nyuki. Hakumwona Nahuja hata kidogo. Alimwona mtoto tu.

"Mvue," akasema.

"Daktari, na hii baridi..."

"Mvue."

"Mama mkwe kasema nisimfungue mpaka..."

"Dada yangu." Nyamizi alipiga magoti mbele yake, akashika mikono yake yote miwili. "Nimeua watoto wawili kwa sweta. Wa kwanza bibi yake aliishika sweta akasema baridi itamuua, nami nikaona haya kumbishia, nikamwachia. Wa pili hakuna aliyenizuia, nilijizuia mwenyewe. Huyu sitamwachia. Mvue, ama nimvue mimi."

Mke wa Kallaghe alianza kufungua. Nyamizi akamsaidia, vifungo viwili vikakatika vikaruka majivuni. Wakamweka mtoto mtupu kwenye kanga karibu na moto.

Tukaona wote. Kila alipovuta pumzi, pale chini ya mbavu ngozi iliingia ndani, ikachimba shimo, ikarudi, ikachimba tena, kama mtu anafyonza kifua chake kwa ndani. Jambo la wazi namna ile. Hata asiyesoma angeshtuka.

"Begi langu, Mama. La kazini." Nilimpa. Akachoma sindano ya pajani, akafungua ile mashine ndogo ya oksijeni, akaweka vimirija puani, akabonyeza ile redio ya mkononi akaita ndege ya wagonjwa ikae tayari kuruka ukungu ukifunguka. Mikono sasa ilikuwa imetulia. Machozi yalikuwa yanamdondoka kifuani kwa mtoto naye anayafuta kwa kidole gumba, haachi kutazama lile shimo. Baada ya muda shimo likapungua kina. Halikuisha, lilipungua. Mtoto akalia, kwa mara ya kwanza tangu aingie, na mama yake akalia.

Ndipo nilipogeuka nyuma.

Nahuja alikuwa amesimama. Sijui alisimama saa ngapi. Alikuwa anatazama kifua cha yule mtoto.

"Sifaeli alikuwa hivi?" akauliza.

Nyamizi aligeuka. Nadhani ndipo alipomtambua. Nilimwona akitafuta neno la kumfunika nalo, na nilimwona akilikosa.

"Alikuwa hivi, Bibi. Sikuona."

"Hukuona kwa kuwa niliishika sweta."

"Kwa kuwa nilikuachia. Tabibu ni mimi, Bibi. Wewe ulikuwa bibi yake."

Nahuja alinigeukia. Sikuwahi kutazamwa vile, hata na maiti.

"Na wewe ulijua," akaniambia. "Ile mashine ilikuonyesha. Umechota maji na mimi kisimani ukijua."

"Nilijua, jirani."

Ule wepesi wangu ukaisha saa ileile. Huu sasa haukuwa wa kupokea, ulikuwa wangu mwenyewe, umezaliwa pale jikoni. Nilichofanya nilikifanya kabla sijafikiri. Ngata zilikuwa zimening'inia kwenye msumari juu ya mtungi. Nikazitwaa, nikamnyooshea nyeupe kwa mikono miwili.

"Lete nikupokee," nikasema. "Nahuja, tafadhali. Nina mgongo. Lete."

Akaitazama ile ngata. Akaigusa kwa ncha ya kidole, taratibu, kama mtu anayepima kama chungu bado ni cha moto. Nikamwona anaitamani, Mungu ni shahidi wangu, nilimwona. Nyamizi naye alinyanyua uso akamtazama, kisha akarudi kwenye kifua cha mtoto na kuendelea kuhesabu kwa sauti ya chini.

Nahuja akaondoa kidole. Akajifunga kanga vizuri kifuani, akaikaza mara mbili, akauacha ungo palepale ulipokuwa, akatoka.